Redio za Viraka

Historia ya redio inayoandikwa vitabuni ni historia ya wakubwa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, Radio Tanzania ikazaliwa 1965, mheshimiwa fulani akakata utepe, basi. Hakuna anayeuliza sauti hiyo ilifikaje Nkwenda, kule pembeni kabisa mwa Kagera, zamani Karagwe na tangu 2012 wilaya ya Kyerwa, vijijini ambako umeme ulikuwa ni ule wa radi tu. Mimi naona hapo ndipo penye hadithi.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakakalia eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kwa redio. Kwa mtu wa Dar hiyo ilikuwa hotuba. Kwa mtu wa mkoa wetu ilikuwa kujua kama leo utalala kitandani au utalala migombani. Vita ikaisha 1979, nchi ikabaki haina kitu. Sabuni ikaadimika, chumvi ikaadimika, na betri nazo zikaingia chini ya kaunta. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, hata kile kilichokuwa chini ya kaunta kikatafutiwa shimo.

Sasa msomaji, fanya hesabu kama walivyoifanya wazee wetu bila kalamu. Redio ya betri nne kubwa inataka volti 6, maana betri mpya moja ni volti moja na nusu. Betri ikichoka inashuka, tuseme inabaki na volti moja. Basi chukua sita zilizochoka, zipange mkia kwa kichwa ndani ya mwanzi uliopasuliwa, kaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, toa nyaya mbili, ingiza kwenye redio. Volti 6 hizo! Zikizimia, zinaanikwa juani pamoja na kahawa, kwa sababu joto huiamsha kidogo dawa iliyomo ndani. Kidogo tu, lakini taarifa ya habari nayo si ndefu.

Na redio iliyokufa haikuzikwa. Fundi aling'oa spika akaitia katika nyingine, akachomoa transista, koili, hata risasi ya kuchomelea akaiyeyusha atumie tena. Waya wa transfoma iliyoungua ukawa eria juu ya mti. Kasha likivunjika, seremala yupo. Ukitaka besi, spika inaingizwa kwenye mtungi.

Msicheke. Mwaka 1949 huko Lusaka, bwana mmoja wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya betri ambayo Mwafrika ataimudu. Kasha la kwanza la majaribio lilikuwa sufuria ya alumini, ndiyo maana redio ile ikabaki na jina la sufuria hata ilipoanza kuuzwa kwa pauni 5.

Ulaya na Marekani nako, baada ya Vita vya Pili, majeshi yaliuza mitambo yao kwa bei ya chakavu. Wanaredio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, wakaivamia. Redio ya ndege ya kivita ilitaka umeme wa volti 28. Wao waling'oa dainamo yake, wakaitengenezea transfoma ya nyumbani. Vipande vya fuwele vinavyoshika masafa walivisugua kwa unga wa msasa juu ya kioo bapa, kwa kuwa kikipungua unene, masafa yanapanda. Mtambo ulioongoza mabomu ukawa wa kuulizana hali ya hewa.

Lakini kisa kinachoniuma ni cha Trevor Baylis, Mwingereza. Mwaka 1991 aliona katika televisheni kipindi kuhusu ukimwi Afrika, wakasema elimu haiwafikii watu kwa kuwa betri ni ghali. Kumbuka wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania, 1983, walikuwa watatu, na walikuwa wa mkoa huu huu wa Kagera. Baylis akaenda karakana yake. Akachukua redio ndogo, mota ya gari la kuchezea watoto, na mtambo wa kusokota kutoka kisanduku cha muziki. Ukisokota, inaimba. Akaandikisha hataza, 1994 akaonyeshwa BBC, kiwanda kikafunguliwa Cape Town.

Simwonei kijicho, alistahili. Ila mikono iliyofanya kazi ya namna ileile Nkwenda, miaka kumi kabla yake, haikuandikishwa popote. Mafundi wale sasa ni wazee. Vijana wanatengeneza simu, na simu siku hizi imegundishwa, haina cha kuchomoa. Mmoja ninayemfahamu ana boksi la transista chini ya kitanda. Wajukuu wamekwisha kumwita mtu wa vyuma chakavu, naye anataka kulipima kwa kilo, pamoja na misumari.