Kesi Zipendwazo na Runinga na Kesi ya Hongo ya Ugogo

Kila mwaka, katika juma la kwanza la somo langu la historia, huwauliza wanafunzi swali ambalo wao hulichukulia kama mzaha: katika tamthilia za upelelezi mnazozitazama, ni kesi za aina gani mnazipenda zaidi? Majibu hayabadiliki sana. Wa kwanza hutaja mauaji katika nyumba ya tajiri, ambamo kila mwanafamilia ana sababu ya kuua. Wa pili hutaja binti aliyetoweka. Wa tatu hutaja muuaji anayeua mtu baada ya mtu na kuacha alama ileile. Wengine hutaja wizi mkubwa wa benki, na wachache hutaja majasusi. Sijapata bado mwanafunzi aliyetaja kesi ya mtu aliyecharazwa viboko kwa kushindwa kulipa kodi, wala ya kijiji kilichochomwa moto kwa amri ya mtu ambaye jina lake linafahamika.

Makala haya yanahusu ukimya huo. Dai langu ni kwamba aina za kesi tunazozipenda katika tamthilia zina historia, na kwamba historia hiyo imetufundisha kutazama upande mmoja tu wa uhalifu. Mfano wangu nautoa Kilimatinde, wilayani Manyoni, mkoani Singida, mahali ambapo mtunzi wa tamthilia hafikirii kwenda kutafuta kisa.

Tuanze na kesi zenyewe. Tamthilia za upelelezi kwa kawaida huuliza mojawapo ya maswali mawili. La kwanza ni "nani?" Maiti imepatikana, milango imefungwa, washukiwa ni sita, mpelelezi ni mmoja. La pili ni "vipi?" Hilo ndilo lililoipa umaarufu Columbo ya Marekani, iliyoanza kurushwa kama mfululizo mwaka 1971. Mtazamaji humwona muuaji tangu mwanzo, kwa kawaida mtu mwenye mali na heshima, kisha hubaki akingoja kuona jinsi mpelelezi mwenye koti lililochakaa atakavyomnasa. Ilipofika mwaka 2000, CSI iliyowekwa katika jiji la Las Vegas ikalijibu swali hilo kwa darubini na maabara. Unywele mmoja ukawa shahidi kuliko binadamu kumi.

Sisi nasi hatukuwa watazamaji tu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, ni ndugu wa karibu wa Sherlock Holmes. Lakini kesi zake zilikuwa za Unguja: urithi, nasaba, siri za ukoo zilizofukiwa kwa miaka. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, na upelelezi wa Kiswahili ukahamia mjini, kwenye simu na magari. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, akamleta Willy Gamba, jasusi wa zama za ukombozi, ambaye maadui zake ni mawakala wa Makaburu na wakoloni. Kila zama, basi, ilichagua kesi iliyofanana na hofu yake: Unguja ya mwisho wa ukoloni iliwaza nani ni mwana wa nani, na Tanzania ya miaka ya 1970 iliwaza nani ni adui wa nchi.

Pamoja na tofauti hizo, karibu tamthilia na riwaya zote hizi zina jambo moja linalofanana. Zinachukulia kwamba sheria yenyewe haina mgogoro. Kosa linajulikana kuwa ni kosa. Kinachotafutwa ni mkosaji. Kuna swali la tatu ambalo ni nadra kuulizwa: nani ana mamlaka ya kuliita jambo fulani uhalifu, na nani hana? Swali hilo ndilo linalotupeleka Kilimatinde.

Anayepanda kutoka bonde la Bahi kuelekea magharibi hukutana na ukingo wa Bonde la Ufa, na Kilimatinde ipo juu ya ukingo huo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache. Mbele yake kulikuwa na pori refu lililoitwa Mgunda Mkali, ambamo msafara ungeweza kwenda siku nyingi bila kupata chakula wala maji ya uhakika. Kwa hiyo aliyepita Ugogo alihitaji kununua nafaka, kunywesha watu wake na kupumzika. Watemi wa Kigogo walidai malipo kwa hayo: merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba. Malipo hayo yaliitwa hongo.

Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko juu ya hongo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote walisimulia majadiliano marefu kuhusu idadi ya mikono ya nguo. Katika maandishi yao mtemi anaonekana kama mnyang'anyi wa njiani. Lakini hebu tuisikilize kesi hiyo upande wa pili. Msafara ungeweza kuwa na mamia ya watu. Maji yaliyonywewa na mamia hao kwa siku mbili yalikuwa maji ya ng'ombe na watoto wa wenyeji. Hongo ilidaiwa hadharani, ilijadiliwa mbele ya watu, kiwango chake kilifahamika kwa wapagazi kabla hawajafika, na aliyelipa alipata haki ya kupita. Mpakani mwa nchi za Ulaya wakati huohuo, malipo ya namna hiyo yaliitwa ushuru wa forodha, na aliyeyakusanya alivaa sare.

Sitaki kuwapamba watemi. Baadhi yao walidai kupita kiasi, na uzito wa madai hayo uliwaangukia wapagazi kuliko matajiri wao. Misafara yenyewe ilibeba pembe za ndovu na mara nyingine watu waliotiwa utumwani, na hongo haikuizuia biashara hiyo. Ilichukua fungu lake. Hoja yangu ni nyembamba zaidi: kulikuwa na mgogoro wa kweli wa haki, wenye pande mbili, na mgogoro huo haukuamuliwa na mahakama.

Uliamuliwa kwa bunduki. Mwaka 1890 Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa amezunguka na mikataba yake ya ulaghai tangu mwaka 1884, alipita Ugogo akirejea pwani kutoka Uganda. Alipodaiwa hongo alipigana, akachoma vijiji na kuchukua ng'ombe. Hatuhitaji mpelelezi kulithibitisha hili, kwa kuwa mhusika alilisimulia mwenyewe katika kitabu chake, tena kwa majivuno. Katika muongo huohuo wa 1890 Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Kilimatinde, palepale kwenye njia ya misafara. Tangu hapo aliyekusanya malipo ya wapita njia na wakazi alikuwa na bendera.

Kuanzia hapo aina ya kesi ikabadilika. Amri ya Chansela wa Ujerumani ya Aprili 1896 iliweka adhabu kwa wale iliowaita wenyeji: viboko, faini, kifungo pamoja na kazi ngumu, minyororo, kifo. Viboko vilikuwa hadi 25 kwa mara moja, na vingeweza kurudiwa baada ya majuma mawili. Bibi na babu zetu waliikumbuka idadi hiyo kwa jina la hamsa ishirini. Hukumu ya kifo ilihitaji idhini ya gavana, lakini mashauri mengi ya kila siku yaliishia mikononi mwa ofisa wa boma, aliyeweza kuwa mshtaki, hakimu na msimamizi wa adhabu kwa wakati mmoja. Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa mwaka 1898, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Aliyekosa rupia alifanya kazi. Aliyekimbia kazi aliitwa mtoro. Aliyekuwa raia mwema mwaka 1897 aliweza kuwa mhalifu mwaka 1898 bila kutenda lolote jipya. Alikuwa tu na nyumba.

Wakati huohuo kulikuwa na kesi ya mauaji halisi, yenye kila kitu ambacho runinga hukipenda. Akiwa kamishna wa Ujerumani huko Kilimanjaro, Peters aliwanyonga mtumishi wake Mabruk mwaka 1891 na msichana Jagodja mwanzoni mwa mwaka 1892. Ndani ya kisa hicho kulikuwa na wivu, wizi uliodaiwa, na msichana aliyejaribu kutoroka. Waafrika walimpa Peters jina la Mkono wa Damu. Mwaka 1896 mbunge August Bebel aliifichua habari hiyo katika Bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 Peters akafikishwa mbele ya mahakama ya nidhamu. Tuangalie neno hilo vizuri: mahakama ya nidhamu. Hakushtakiwa kwa kuua. Alifukuzwa kazi kwa kukiuka wajibu wa utumishi, sawa na karani aliyepoteza jalada. Baadaye Kaizari alimrudishia haki ya kutumia cheo chake, na mwaka 1937, miaka 19 baada ya kifo chake, Hitler akaifuta hukumu hiyo kabisa.

Skrini nayo ikatoa hukumu yake. Mwaka 1941 Ujerumani ya Wanazi ilitengeneza filamu yenye jina la Carl Peters, iliyomwonyesha kama shujaa aliyeonewa na wanasiasa wa Berlin. Muuaji anayefahamika aligeuzwa kuwa mhanga. Wanafunzi wangu wanaponiambia kwamba tamthilia ni burudani tu, huwapa mfano huu.

Hapa ndipo historia inapomgusa mtumishi wa umma wa leo. Neno hongo halikufa. Lilihama. Katika Kiswahili chetu cha sasa lina maana ya rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haina utani nayo. Yapo majaribu ya kusema kwamba rushwa ni mila yetu, kwamba hata watemi walikula hongo. Hoja hiyo ni ya uongo, na ukweli wa Ugogo ndio unaoiumbua. Hongo ya mtemi ilitolewa hadharani kwa kiwango kinachojadiliwa, na mgeni, kwa kitu alichokuwa hana haki nacho. Hongo ya leo hutolewa gizani na mwananchi, kwa huduma ambayo kodi yake imekwisha kuilipia. Mwenye nasaba ya karibu na mla rushwa si mtemi kisimani. Ni yule ofisa wa boma, aliyekuwa mshtaki na hakimu kwa wakati mmoja, na ambaye hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumuuliza.

Je, kesi za namna hii zinaweza kupendwa na watazamaji? Nadhani zimekwisha kupendwa. Nchini Kenya, Vioja Mahakamani imeendelea kwa miongo mingi kuwachekesha watu kwa mashauri ya wanyonge mbele ya hakimu, bila maabara wala majumba ya kifahari. Mwaka 2021 Crime and Justice, iliyowekwa Nairobi, ilichukua visa vyake kutoka kwenye matukio ya kweli ya nchi ile. Hadhira ipo. Wanaohitajika ni waandishi walio tayari kufungua majalada ambayo mkosaji wake hakufichwa kamwe.

Majalada hayo hayajafungwa hata huko yalikoanzia. Mwezi Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha akiwa Songea. Mwezi Agosti 2024 barabara ya Berlin iliyoitwa Petersallee ilibadilishwa jina, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Kwetu, Kilimatinde imebaki mji mdogo wenye hospitali ya Kanisa Anglikana. Reli ya kati ilipopita Manyoni, shughuli za utawala nazo zikahamia huko.

Kwa hiyo swali la mwaka huu kwa wanafunzi wangu nimeliongezea sehemu ya pili, nami nawapa pia wasomaji. Ukishamaliza kutaja kesi uipendayo katika runinga, nenda kamuulize mzee wa kwenu: katika ukoo wetu, nani aliwahi kupelekwa bomani, na kosa lake liliitwaje? Andika jibu lake kama alivyolitamka. Huenda neno atakalolitaja lisiwe tena kosa katika sheria yoyote tuliyo nayo leo.