Limerudi au Amerudi? Istilahi za Mabaki ya Watu wa Kale

Kwa miaka mingi, ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao, sime, upinde na mishale vimekuwa vikiwekwa kwenye mnara wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, katika uwanja ule ambao wakoloni waliuacha wazi ili kuitenga Kariakoo na mji wa biashara. Wanaokumbukwa hapo hawakuzikwa hapo. Mtu akiondoka uwanjani na kutembea kuelekea baharini, haitapita nusu saa kabla hajafika Mtaa wa Shaaban Robert, yalipo Makumbusho ya Taifa, ambako mifupa ya kale imehifadhiwa. Makala hii inahusu maneno tunayoyatumia kwa mifupa kama hiyo, na kwa ile iliyochukuliwa ikapelekwa ng'ambo; maana lugha za Ulaya hutumia jina moja la jumla, na mfasiri wetu hana budi kuchagua.

Neno lililoenea ni mabaki. Halina kosa la sarufi, lakini Kariakoo jioni mabaki ni nyanya zilizokosa mnunuzi, na darasani ni kile kinachosalia baada ya kugawanya. Masalia lina staha zaidi kidogo. Mumia ni neno la Kiajemi lenye asili ya nta. Waarabu walilitumia kwa lami, nalo likahamia kwenye maiti za Misri kwa kuwa zilidhaniwa kupakwa lami. Kwetu halina kazi kubwa. Kilichohifadhi mifupa ya bonde la Olduvai ni majivu ya volkano na matope ya ziwa, na mifupa iliyogeuka mawe tumekwisha kuipatia istilahi yake: visukuku.

Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu ambalo baadaye vipimo vya miamba vilionyesha kuwa na umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Liliitwa Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina la Kiarabu la pwani yetu, ndilo lililomo pia katika Zanzibar, nusu ya pili ni neno la Kigiriki lenye maana ya mtu, na boisei ni kumbukumbu ya Charles Boise aliyegharimia utafiti. Hata Olduvai yenyewe ni neno lililosikika vibaya, kwa kuwa Wamasai husema oldupai, yaani mkonge mwitu. Baadhi ya vibao na vitabu huandika kuwa hayo ni mabaki ya binadamu. Hapa sikubaliani. Binadamu ni mwana wa Adamu, na kiumbe huyu, ambaye wataalamu wengi sasa humweka katika jenasi ya Paranthropus, ni wa tawi lililokoma, wala si babu yetu. Zamadamu ndilo neno lifaalo, na walimu wamelizoea.

Basi tunasema fuvu la zamadamu limegunduliwa, limepimwa, limehifadhiwa. Hakuna anayekwazwa na li- hiyo. Shida huanza mifupa inapokuwa ya mtu mwenye jina na wajukuu.

Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua kwa risasi mwezi Julai 1898 akikwepa kukamatwa na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Mfasiri atazame: kwanza, Mkwawa hakuwa sultani, bali mtwa, pili, kwa mujibu wa maneno yale, anayekabidhiwa ni serikali, si ukoo. Miezi 6 ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alilichagua fuvu katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa Mkwawa, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo.

Je, siku ile fuvu limerudi, au Mkwawa amerudi? Kiingereza hakilazimiki kujibu. Kiswahili kinalazimika, maana upatanisho wa kisarufi hautuachii nafasi ya katikati. Wazee wa pwani husema maiti ameoshwa, amezikwa. Taarifa za ofisini huandika maiti imehifadhiwa, imesafirishwa. Wote wanasema Kiswahili, ila ofisi imekwisha kumhesabu mtu kuwa mzigo. (Fuvu lenyewe, tukumbuke, ni ndugu wa kifuu cha nazi: ganda lililobaki tupu.)

Si suala la kubuni. Mnamo Septemba 2023 ilitangazwa Berlin, baada ya uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, kwamba vinasaba vya fuvu moja vimelingana na vya jamaa walio hai Tanzania. Juu ya fuvu hilo palikuwa pameandikwa Akida, neno letu la cheo. Naye alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa 1900. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji.

Barua za mambo hayo zitafasiriwa na watu wanaosoma kurasa hizi. Napendekeza visukuku na zamadamu vibaki kwa mambo ya miaka mingi mno. Mabaki litumike pale tu ambapo mwenyewe hajulikani. Na kwa mwenye jina tuandike marehemu, kwa upatanisho wa a- na wa-: marehemu amerejeshwa kwao, marehemu wamezikwa. Vipimo na namba za sanduku viendelee kuhusu fuvu, kwa li-. Lakini hati ya makabidhiano, ambayo ukoo utaisomewa kwa sauti, isianze na sanduku.