Pesa Iliyokufa Siku ya Noeli

Sisi watu wa Kasongo na Kabambare tulijua mali kabla ya kujua noti. Babu zetu walilipana kwa mbuzi, kwa pembe na kwa viramba, zile nguo za nyuzi za mwale. Misafara ya Tippu Tip ikaleta merikani na shanga, mali iliyokopwa kwa matajiri wa Unguja. Kila mtu aliona kwa macho kile anachopokea.

Noti ni tofauti: inasimama juu ya neno la Leta. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kikomo. Mkulima wa mpunga aliyeficha akiba sandukuni, mbali na banki, alibaki na makaratasi.

Haikuishia pale. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 ziligeuzwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Ukihesabu, faranga moja ilimeza zaire za zamani bilioni 300.

Njo maana likelemba haikufa. Haina ofisi, ina watu wanaojuana, kila mmoja na zamu yake. Lakini tusijidanganye: ikichangwa kwa noti, noti ikianguka inaanguka nayo. Desturi inalinda uaminifu, hailindi bei.

Basi vijana, shikeni likelemba, lakini zamu ikifika nunueni mbuzi ao mpanue shamba. Na Leta tuiulize hesabu, kama tunavyoulizana sisi kwa sisi.