Sukari ya Mgonjwa wa Kiharusi: Tulikotoka na Tulipofika

Leo tuzungumze juu ya kiharusi na sukari ya damu.

Mgonjwa anapofikishwa hospitali mdomo umepinda na mkono hauinuki, muuguzi humdunga kidole mapema sana apime sukari. Kwa nini? Sukari ikishuka mno, mtu anaweza kuonekana kama aliyepatwa na kiharusi. Tena, wanaofika na sukari ya juu mara nyingi hupona vibaya, hata wakipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka wa 1996.

Insulini ilikuwapo tangu 1922, kijana wa miaka 14 alipodungwa huko Toronto, Kanada. Swali lilikuwa: tuishushe sukari hadi wapi? Mwaka wa 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walieleza kwamba kuishusha sana kulipunguza vifo vya wagonjwa mahututi, wengi wao wakiwa wametoka kupasuliwa. Hospitali nyingi zikaiga. Lakini mwaka wa 2009, utafiti wa NICE-SUGAR wa wagonjwa zaidi ya 6,000 ukaonyesha kinyume: walioshushwa sana walikufa zaidi.

Jibu la kiharusi lilitoka Marekani mwaka wa 2019, katika utafiti wa SHINE. Wagonjwa 1,151 waligawanywa mafungu mawili, na zaidi ya nusu walikuwa wamepewa dawa ya kuyeyusha damu. Fungu moja sukari iliwekwa kati ya 4.4 na 7.2, jingine iliachwa mradi isipite 10. Baada ya siku 90, hawakutofautiana katika kupona. Ila katika fungu la kwanza, watu 15 sukari ilianguka vibaya sana. Katika fungu la pili, hakuna hata mmoja.

Mama, hapo pana funzo. Sukari ya juu ni hatari, na kuishusha kupita kiasi pia ni hatari.

Kwa hivyo, shosho au baba akianguka, usimnyweshe soda wala maji ya sukari kabla hajapimwa. Koo la mgonjwa wa kiharusi huenda halimezi, na kinywaji kikaingia mapafuni. Mkimbize hospitali, dawa ile hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu.

Akirudi nyumbani, usimnyime chakula eti sukari isipande, hasa kama anadungwa insulini. Mashini ikisoma chini ya 4, au akitoka jasho, akitetemeka na kuchanganyikiwa, huo ni mshuko. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe kitu chenye sukari. Kama hawezi, mpeleke hospitali mara moja.

Nawe pia upimwe. Mwaka wa 2008 na 2009, watafiti wa APHRC walipopima watu wazima wa Korogocho na Viwandani, wengi wenye kisukari hawakujua kwamba wanao.