Karatasi Mlangoni: Historia Fupi ya Wananchi Waliohesabu Kura Wenyewe

Uchaguzi unapofika katika nchi zetu za SADC, picha kwenye televisheni huwa ni zile zile. Wageni wenye vizibao vya uangalizi wanashuka kwenye magari, wanatembelea vituo kadhaa, wanatabasamu na wapiga kura waliopanga foleni, kisha wanarudi hotelini kuandika taarifa. Sisi waandishi tunawafuata na vinasa sauti vyetu, na kesho yake kichwa cha habari kinakuwa: Waangalizi wasema uchaguzi ulikuwa huru, au haukuwa huru.

Leo nataka tuwaongelee watu ambao hawatokei sana kwenye habari hizo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, katekista, mama muuza duka, mwanafunzi wa chuo. Wanakaa kwenye kituo kimoja tu, tangu kinafunguliwa asubuhi mpaka kura ya mwisho inahesabiwa usiku kwa mwanga wa taa ya betri. Kisha wanaandika namba na kuzituma. Kwa maoni yangu, namba hizo zimefanya kazi kubwa kusini mwa Afrika kuliko taarifa nyingi za wageni. Lakini historia inaonyesha pia kwamba namba sahihi peke yake haimlindi mtu. Tuanze mwanzo.

Oktoba 31, 1991, Zambia ilipiga kura ya vyama vingi. Mzee Kenneth Kaunda alikuwa Ikulu kwa miaka 27, tangu uhuru wa 1964, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo UNIP kilikuwa chama pekee. Mpinzani wake alikuwa Frederick Chiluba, kiongozi wa wafanyakazi, kupitia chama cha MMD. Wasiwasi ulikuwa mkubwa: je, Mzee atakubali? Makanisa, wanasheria, vikundi vya akina mama na wanafunzi waliunda kamati ya pamoja ya kusimamia uangalizi iliyojulikana kwa kifupi kama ZEMCC, wakasambaza watu wao vituoni. Wageni nao walikuwepo, akiwemo Rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter.

Hapo ndipo mbinu iliyotokea Ufilipino mwaka 1986, wakati wa kumng'oa Marcos, ilipopata nafasi kwetu: hesabu sambamba ya kura. Naomba nieleze kidogo maana wengi hudhani ni uchawi. Mpishi akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi, hali sufuria nzima. Anakoroga vizuri, anachota kijiko kimoja, anaonja. Hesabu sambamba ni hivyo hivyo. Unachagua vituo kwa bahati nasibu nchi nzima, mjini na shamba, ngome ya huyu na ngome ya yule. Unaweka mtu wako kila kituo. Anashuhudia kura zikihesabiwa, anatuma matokeo. Ukiyajumlisha, unapata makadirio ya nchi nzima na kiasi ambacho makadirio hayo yanaweza kupishana na ukweli. Cha muhimu ni kukoroga. Ukichota juu juu tu, utaonja mafuta peke yake.

Zambia mwaka ule sufuria ilikuwa na ladha moja. Chiluba alipata takriban asilimia 76 na Kaunda asilimia 24. Mzee akakubali, akaondoka Ikulu kwa amani, na heshima aliyoipata siku ile hakuna aliyemnyang'anya mpaka alipofariki mwaka 2021. Kwa ushindi mkubwa namna ile, hesabu ya wananchi ilikuwa kama shahidi wa pili tu. Mtihani wa kweli ungekuja pale mshindani anapokataa kuondoka.

Mtihani huo ulikuja Zimbabwe. Mtandao wa asasi za uangalizi wa uchaguzi, ZESN, ulianzishwa mwaka 2000. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2002 uliandaa maelfu ya waangalizi wa ndani, lakini waliopewa vibali walikuwa mia chache tu. Fikiria: mwananchi anaomba kibali cha kuangalia uchaguzi wa nchi yake mwenyewe, ananyimwa. Mwaka 2004 wakuu wa SADC walikutana Grand Baie, Mauritius, wakapitisha kanuni na miongozo ya uchaguzi wa kidemokrasia. Maneno mazuri, saini nzuri. Lakini badiliko lililokuja kutikisa nchi halikutoka kwenye azimio hilo moja kwa moja. Lilitoka kwenye mazungumzo ya ZANU-PF na MDC yaliyosimamiwa na Thabo Mbeki kwa niaba ya SADC kuanzia 2007. Sheria ya uchaguzi ikarekebishwa kabla ya uchaguzi wa 2008, na ndani yake kikaingia kipengele kinachotaka matokeo ya kila kituo yabandikwe nje ya kituo ili kila mtu ayaone.

Karatasi moja, gundi kidogo, mlango wa darasa. Basi.

Machi 29, 2008 watu walipiga kura. Usiku ule na kesho yake karatasi zilianza kubandikwa, na wananchi na mawakala wa vyama wakazipiga picha kwa simu. MDC ikaanza kujumlisha za kwake. ZESN yenyewe ilikuwa imechagua vituo 435 kati ya takriban 9,000, na baada ya siku mbili ikatoa makadirio: Morgan Tsvangirai asilimia 49.4, Robert Mugabe 41.8, Simba Makoni 8.2, pamoja na tahadhari kwamba namba ya Tsvangirai inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 2.4.

Tume ikakaa kimya juu ya urais. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Aprili polisi wakapekua ofisi za ZESN. Mei 2, zaidi ya mwezi mmoja baada ya kura, tume ikatangaza: Tsvangirai 47.9, Mugabe 43.2, Makoni 8.3. Zilinganishe na za ZESN, utaona zinaingia ndani ya mipaka ile ile. Tuwe wakweli hapa, maana wengi hupotosha. Makadirio yale hayakuthibitisha kwamba Tsvangirai alivuka asilimia 50. Yalisema anaweza kuwa amevuka na anaweza kuwa hajavuka. Walichofanya wananchi wale ni kuufunga mlango mmoja: baada ya karatasi zile kuonekana, ilikuwa vigumu mno kwa mtu yeyote kutangaza kwamba Mugabe ameongoza. Na katika bunge, ZANU-PF ilipoteza wingi wa viti kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1980.

Sasa upande wa pili wa karatasi, ambao unaniumiza kila ninapousoma. Karatasi ile ile iliyomwambia mwananchi ukweli ilimwonyesha kila mpita njia kijiji kipi kimempa nani kura. Kati ya Aprili na Juni vurugu zilisambaa vijijini, na watetezi wa haki za binadamu waliandika kuhusu kampeni iliyopewa jina Makavhoterapapi, yaani kura yako uliiweka wapi? Watu walipigwa na nyumba zikachomwa, wengine wakauawa. Tendai Biti wa MDC, ambaye alikuwa amejitokeza kutangaza hesabu za chama chake, alikamatwa Juni na kushtakiwa kwa uhaini. Tsvangirai akajitoa siku chache kabla ya duru ya pili ya Juni 27, na Mugabe akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 85. Kura zilihesabiwa vizuri Machi. Juni aliyehesabiwa alikuwa mpiga kura mwenyewe.

Kwa hiyo karatasi inahitaji kinga. Kinga hiyo tuliiona Malawi. Uchaguzi wa Mei 2019 ulimpa Peter Mutharika asilimia 38.57 na Lazarus Chakwera 35.41. Ndipo fomu za matokeo zikaonekana zimefutwa kwa wino mweupe wa Tipp-Ex na kuandikwa upya. Wananchi wakaingia barabarani kwa miezi, na wapinzani wakaenda mahakamani. Februari 3, 2020 majaji watano wa Mahakama ya Katiba walifika wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi chini ya ulinzi wa jeshi, wakasoma hukumu kwa saa nyingi huku nchi ikisikiliza redioni. Uchaguzi ukafutwa. Wakasema pia kwamba wingi wa kura unaotakiwa na sheria ni zaidi ya nusu, kwa hiyo mtu wa asilimia 38 hawezi kuwa rais. Mahakama ya rufaa ya juu ikakubaliana nao Mei, na Juni 23 Chakwera akashinda marudio kwa karibu asilimia 59.

Hapa kuna funzo ambalo wapenzi wa hesabu hawalipendi. Mtandao wa wananchi wa Malawi, MESN, nao ulifanya hesabu sambamba mwaka 2019, na ulisema matokeo ya tume hayapingani na makadirio yake. Je, walidanganya? Hapana. Wagombea wawili wakiachana kwa pointi tatu hivi, kijiko cha mpishi hakiwezi kutofautisha vizuri. Na zaidi ya hapo, majaji hawakuuliza tu nani ameongoza. Waliuliza kama njia iliyofuatwa ni ya halali, na wakaona haikuwa. Hesabu hujibu swali moja, mahakama hujibu lingine, na nchi inahitaji majibu yote mawili.

Vikikutana, matunda yake yanaonekana. Agosti 2021 nchini Zambia, kundi la makanisa liitwalo CCMG lilifanya hesabu yake. Rais Edgar Lungu alikuwa ameanza kulalamika kwamba uchaguzi katika mikoa mitatu haukuwa huru. Hakainde Hichilema akatangazwa mshindi kwa takriban asilimia 59, hesabu ya makanisa ikaonyesha hivyo hivyo, na Lungu akakubali.

Visipokutana, usiku unakuwa mrefu. Agosti 23, 2023, usiku wa uchaguzi, polisi wa Zimbabwe walivamia kituo ambako ZESN na wenzao wa Election Resource Centre walikuwa wakikusanya taarifa mjini Harare, wakakamata watu karibu 40 na kuchukua kompyuta na simu. Msumbiji, Oktoba 19, 2024, wakili Elvino Dias, aliyekuwa akiandaa kesi ya upinzani juu ya matokeo, aliuawa kwa risasi ndani ya gari Maputo pamoja na Paulo Guambe wa chama cha Podemos. Mtu hauawi kwa ajili ya karatasi isiyo na thamani.

Na sisi Watanzania? Tumo ndani ya SADC, hatuwezi kujifanya wageni kwenye habari hii. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema tume ikishatangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa hapa Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, ujumbe wa SADC, ukiongozwa na Spika mstaafu wa Malawi, ulisema katika taarifa yake ya awali kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha matakwa yao. Lakini ujumbe wa wageni hufungasha mabegi. Mwalimu aliyekaa kituoni anabaki pale pale kijijini.

Kwa hiyo ninapoulizwa mageuzi ya uchaguzi yaanzie wapi, huwa nataja mambo matatu. Matokeo yabandikwe kila kituo na mwananchi aruhusiwe kuyanakili. Anayenakili alindwe, kabla na baada ya kura. Na matokeo ya urais yaweze kupelekwa mahakamani. Zambia, Zimbabwe na Malawi zimetuonyesha kinachotokea ukiwa na moja bila mengine.

Nawasilisha. Wenye hoja tofauti karibuni, hasa mliowahi kukaa kituoni mpaka kura ya mwisho.