Shibuya-kei

Shibuya-kei (kwa Kijapani: 渋谷系) ni mtindo wa muziki wa pop uliochipuka Tokyo, Japani, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kushamiri katikati ya miaka ya 1990. Hauna mdundo wake maalumu wala ala yake maalumu. Hutambulika kwa namna unavyochagua na kuunganisha: wimbo mmoja huweza kubeba gitaa la bosanova ya Brazili, vinanda vya sinema ya Kifaransa ya miaka ya 1960, ngoma za disko na sauti laini inayokaribia kunong'ona. Waasisi wake walikuwa wakusanyaji wa santuri kabla ya kuwa wanamuziki, na mvuto wa kazi zao unatokana na ladha waliyoijenga kwa kusikiliza.

Jina

Shibuya ni mojawapo ya kata maalumu 23 za Tokyo. Mitaa inayozunguka stesheni yake ya treni ni kitovu cha maduka, mavazi na burudani za vijana. Neno kei humaanisha mfumo, ukoo au namna fulani. Hivyo Shibuya-kei ni "namna ya Shibuya". Wanamuziki wenyewe hawakulitunga jina hilo. Lilienea mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia maduka ya santuri na majarida, kwa kuwa kazi hizo zilinunuliwa sana katika maduka ya eneo hilo. Kwa sababu hiyo jina linawakusanya wasanii wasiofanana sana kimuziki, ilhali wateja wao walikuwa wale wale.

Chimbuko

Shibuya ilianza kuwavuta vijana wapenda mitindo baada ya duka kubwa la PARCO kufunguliwa huko mwaka 1973. Duka la santuri la Tower Records liliingia mwaka 1981, na la HMV likafuata mwaka 1990. Baada ya Makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985 kuhusu sarafu, thamani ya yeni ilipanda haraka dhidi ya dola, na bidhaa za kutoka nje zikawa nafuu kwa Mjapani. Kijana wa Tokyo aliweza kununua kwa siku moja santuri ya Brazili, ya Paris na ya Glasgow, nyingine zikiwa zimekwisha kusahauliwa kwao zilikotoka. Maduka hayo yalikuwa kama shule, na waliohitimu humo wakaingia studio.

Ndani ya Japani kwenyewe njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Bendi ya Happy End, iliyovunjika mwaka 1972, ilioanisha roki ya Kimarekani na lugha ya Kijapani. Mpiga besi wake, Haruomi Hosono, aliunda Yellow Magic Orchestra mwaka 1978 pamoja na Ryuichi Sakamoto na Yukihiro Takahashi. Hosono huyo huyo alitayarisha kazi ya kwanza ya Pizzicato Five, "The Audrey Hepburn Complex", mwaka 1985.

Sifa za muziki

Majina yanayorudi mara kwa mara katika asili ya mtindo huu ni Burt Bacharach, Brian Wilson wa Beach Boys, Serge Gainsbourg, kundi la Roger Nichols, na bendi za Uskoti kama Orange Juice. Wengi wao walikuwa mafundi wa kupanga ala, na jambo hilo ndilo lililowavutia wanamuziki wa Shibuya-kei zaidi ya hasira za roki. Tarumbeta huingia kwa kipimo, fidla hujibu sauti ya mwimbaji, na ukimya mfupi huachwa mahali pake.

Mbinu ya pili ni kunyofoa vipande vya rekodi za zamani kwa mashine na kuvishona upya, kama walivyofanya mafundi wa hip hop. Kipande kinaponyofolewa kwa jicho la mkusanyaji, msikilizaji hupata raha mbili: anayekitambua hufurahia utani, na asiyekitambua hubaki na mdundo wa kuchezea. Hata asiyejua Kijapani hupata cha kushika, kwa kuwa sehemu kubwa ya maana imo katika sauti zenyewe.

Macho pia yalihusishwa. Msanifu Mitsuo Shindo na ofisi yake, Contemporary Production, walibuni majalada ya Flipper's Guitar na Pizzicato Five kwa kufuata mabango na picha za mitindo za miaka ya 1960. Jalada lilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Wasanii wakuu

Pizzicato Five iliongozwa na Yasuharu Konishi, mkusanyaji mashuhuri wa santuri. Mwimbaji Maki Nomiya alijiunga mwaka 1990 na, kwa mavazi na mikao yake, akawa sura ya mtindo mzima. Wimbo "Sweet Soul Revue" wa mwaka 1993 ulitumika katika tangazo la vipodozi vya Kanebo na kuifikisha bendi kwa watu wengi zaidi.

Flipper's Guitar ya Keigo Oyamada na Kenji Ozawa ilitoa albamu ya kwanza, Three Cheers for Our Side, mwaka 1989, mashairi yote yakiwa kwa Kiingereza. Iliyofuata, Camera Talk (1990), iligeukia Kijapani. Bendi ilivunjika mwaka 1991. Ozawa alishirikiana na kundi la rapu la Scha Dara Parr katika "Kon'ya wa Boogie Back" (1994). Oyamada alijiita Cornelius, jina alilolitoa katika filamu ya Planet of the Apes, na kuendesha lebo ya Trattoria. Albamu yake Fantasma (1997) imepangwa ili sauti zizunguke kati ya sikio la kulia na la kushoto. Toleo la awali la Japani liliuzwa pamoja na visikizi.

Wengine ni Kahimi Karie, ambaye nyimbo zake kadhaa zilitungwa na Mskoti Momus, pamoja na Original Love na Fantastic Plastic Machine.

Kuenea nje na ukosoaji

Lebo ya Matador ya New York ilianza kutoa kazi za Pizzicato Five mwaka 1994, na Fantasma mwaka 1998. Muziki uliokwenda Japani kama bidhaa ya kigeni ukarudi Magharibi ukiwa na sura mpya.

Wakosoaji huuona mtindo huu kuwa wa kuazima kupita kiasi, wa juu juu, na mtoto wa enzi ya ununuzi. Hoja hiyo ina uzito kwa wasanii walioiga bila kuongeza kitu. Kwa kazi bora haitoshi, kwani ukichukua vipande vile vile bila sikio la Konishi au Oyamada, hupati wimbo ule.

Urithi

Pizzicato Five ilivunjika tarehe 31 Machi 2001, na Trattoria ikafungwa mwaka 2002. Duka la HMV Shibuya lilifunga milango Agosti 2010. Yasutaka Nakata wa kundi la Capsule, aliyeanza kwa kufuata nyayo za Shibuya-kei, baadaye alitunga na kutayarisha nyimbo za Perfume na Kyary Pamyu Pamyu. Septemba 2016, katika sherehe ya kufunga Michezo ya Paralimpiki ya Rio de Janeiro, Tokyo ilipojitambulisha kama mwenyeji wa michezo iliyofuata, wimbo uliopigwa upya ulikuwa wa Pizzicato Five: "Tokyo wa Yoru no Shichiji", wa mwaka 1993.