Krashi gadi ya nduthi: venye utachagua, venye utafunga, na kenye haitakusaidia

Mvua imenyesha usiku mzima. Saa kumi na mbili asubuhi uko kwa murram unashuka kutoka side za Tetu, umebeba shosho anaenda kliniki Nyeri mjini. Hauko spidi, ni gia ya kwanza tu. Tairi ya mbele inagusa ule udongo mwekundu umelainika kama sabuni, na kabla umwambie shosho ashike, nduthi imelala upande wa kushoto. Shosho ameketi kwa matope anakucheki na lile jicho. Hakuna mtu ameumia. Lakini mkono wa klachi umekatika, leva ya gia imejikunja ikatoboa kava ya injini, na oili inamwagika kwa barabara. Kazi ya leo imeisha hapo, na pesa ya deni ya nduthi bado inangojewa jioni.

Sasa weka krashi gadi kwa hiyo story. Nduthi inaanguka vilevile, lakini inalalia chuma badala ya injini. Unainua, unapanguza matope, shosho akikubali anapanda tena, mnaendelea.

Hiyo ndiyo kazi ya gadi, na ni poa tuseme mapema kwa sababu wasee wengi huku Nyeri, Karatina hadi Nanyuki hununua hicho chuma wakidhani ni cha kuokoa mguu. Kinaokoa nduthi. Mguu kinausaidia kidogo, siku zingine tu, na kuna siku kinauumiza zaidi.

Hii si maneno ya steji. Mwaka wa 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, wakiongozwa na Harry Hurt, walitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, moja moja. Kuhusu krashi gadi walisema wazi: majeraha ya kifundo na wayo yalipungua, lakini yale ya goti, paja na mguu wa chini yakaongezeka, hadi faida ikaliwa na hasara. Pikipiki za huko ni kubwa kuliko zetu na barabara ni tofauti, lakini mguu wa binadamu ni uleule. Ukianguka polepole, gadi inashikilia uzito wa nduthi usikulalie. Gari likikugonga kwa ubavu, hicho chuma kinasukumwa ndani, na kilicho ndani ni goti lako.

Kwa hivyo nunua gadi ukijua ni ya nini. Ukishaelewa hiyo, kuchagua kunakuwa rahisi.

Kuchagua

Kitu ya kwanza ni gadi ya modeli yako. Boxer na TVS zenye zimejaa kwa steji zetu ni za kampuni za India, na kila modeli ina matundu yake kwa fremu. Gadi ya Boxer 150 haimaanishi itaingia kwa Boxer 100, na ile ya TVS HLX usijaribu kuilazimisha kwa Honda. Muuzaji akikwambia "hii inaingia kila nduthi, fundi atakunja kidogo", shukuru na uende duka lingine. Chuma kikikunjwa baridi ndiyo kiingie, kinakaa kimejivuta kwa bolti, na kila shimo la barabara linamalizia hiyo kazi.

Ya pili, angalia imeshikwa mara ngapi. Gadi nzuri inashikwa juu na chini, kwa pande zote mbili, ama juu katikati kwa paipu ya fremu na chini pande mbili. Ile inashikwa sehemu moja tu ni kama mtu amekupea mtaimbo ung'oe fremu yako mwenyewe: ikigonga chini, nguvu yote inaenda pale imeshikwa.

Unene wa paipu, kwa nduthi za kazi, inchi moja hivi inatosha. Usidanganywe na unene wa nje pekee. Shika ile gadi, igonge na spana. Ikilia kama mkebe wa maziwa, ukuta wake ni mwembamba, itajikunja siku ya kwanza. Lakini pia usitafute ile nzito kama lango la boma. Gadi inafaa kukunjika kabla fremu ikunjike. Inafaa kufa yenyewe ndiyo fremu ibaki.

Upana ndio wasee hukosea sana. Gadi inafaa kutokeza kupita kava za injini, leva ya gia na pedali ya breki, lakini isipite mwisho wa usukani. Ikipita usukani utaanza kugonga matatu zikipita karibu, na pale soko ya Karatina siku ya soko hautatoboa katikati ya mikokoteni na gunia za kabeji. Kuna mafundi huongeza mabawa marefu ya kuning'inizia mitungi ya maziwa. Hayo si gadi tena, ni kerieri, na siku nduthi italala, mtungi ndio utafika chini kwanza.

Angalia pia ncha. Paipu ikiwa imekatwa ikaachwa wazi mbele ama kando, hiyo ni kisu. Inafaa ikunjwe irudi ndani ama izibwe.

Rangi ni mambo ya macho tu, isipokuwa baridi na mvua za huku mlimani hazihurumii kromu ya bei ya chini. Ikianza kububujika, kutu iko ndani tayari. Mwambie fundi atoboe katundu kadogo chini kabisa ya paipu maji yatoke.

Kufunga

Kitu hutaki kusikia kwa welda: "lete nichomelee tu." Usichomelee gadi kwa fremu. Moto unadhoofisha paipu ya fremu hapo karibu na pale imechomelewa, na tena umeunganisha hivyo vyuma viwili kuwa kimoja, kwa hivyo gadi ikigongwa, fremu pia imegongwa. Gadi ni ya bolti, ndiyo siku ikikunjika unaitoa unaweka ingine. Kama ni gadi yenyewe imekatika na lazima ichomelewe, itoe kwa nduthi kwanza. Ikishindikana kabisa, toa waya za betri, na kama ni nduthi ya stima usikubali welda akaribie na betri ikiwa ndani.

Kuna gadi zingine zinatumia bolti ileile inashika injini kwa fremu. Hapo usifungue kwa haraka. Weka nduthi kwa stendi ya kati, ingiza kipande cha mbao chini ya injini ibebe uzito, ndiyo utoe bolti moja. Moja, si zote. Ile bolti ya zamani haitatosha tena kwa sababu sasa imeongezewa unene wa kipande cha gadi. Ikiingia kwa nati ikishikilia nyuzi mbili tatu tu, hujafunga kitu. Nunua ndefu zaidi, na ucheki kichwa chake: ikiwa imeandikwa 8.8 ni chuma cha kazi. Ile haina alama yoyote ni ya kufungia meza. Weka washa ya springi ama zile nati ziko na plastiki ndani, kwa sababu nduthi hutetemeka mchana kutwa.

Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, zote, bila kukaza hata moja. Ikiwa ya mwisho inakataa kuingia, gadi si ya nduthi yako ama fremu imeshapinda. Zikishaingia zote, kaza kidogo kidogo ukizunguka. Bolti za spana namba 12 ama 13 zinatosha kwa nguvu ya mkono mmoja. Wale huongeza kipande cha paipu kwa spana ndiyo ikaze zaidi ndio hukata bolti ndani ya fremu, na kuitoa hapo ni mambo mengine.

Kabla fundi aoshe mikono, jaribu haya ukiwa bado hapo. Zungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, taa na waya zisiguse. Shika breki ya mbele, sukuma nduthi chini kwa nguvu ama uweke wasee wawili wazito juu: shoki zikizama, madigadi isigonge gadi. Vaa ile gambuti unavaanga kazini, kanyaga breki, panda na ushuke gia. Na gadi isiguse bomba la moshi.

Halafu tafuta mti mrefu ulionyooka. Uegemeze kutoka ncha ya usukani ushuke hadi pale unakanyaga. Gadi inafaa kugusa huo mti ama ikaribie sana. Kama kuna nafasi kubwa, siku ya kuanguka injini itafika chini kabla ya gadi, na pesa yako imepotea bure.

Baada ya wiki moja ya kazi rudia kukaza. Hii watu husahau, halafu wanaanza kuuliza ni nini inalia kwa injini.

Ile tabia ya kuweka miguu juu

Tunaijua. Ukishuka mteremko wa Othaya, umechoka, unatoa miguu unaiegemeza juu ya gadi kama uko sofa. Hapo mguu wa kulia umeacha breki ya nyuma. Na nduthi ikilala, mguu umeshapita mbele ya chuma, kwa hivyo kile kilikuwa kinaukinga sasa kinaubana. Mguu ukae pale pa kukanyaga, nyuma ya gadi, ndani ya kiatu kinafunika kifundo. Gambuti ni ya matope. Buti ya ngozi ngumu inafanya kazi kwa mguu wako kuliko gadi yoyote.

Hata ile plastiki ama raba pana hufungwa kwa gadi kuzuia baridi ya Julai na matope, ifunge chini ya magoti peke yake. Injini zetu nyingi zinapozwa na upepo. Ukiziba mbele yote, inapika, sanasana ukipanda mlima na mzigo.

Abiria je?

Gadi ya mbele haimjui abiria. Chenye kinamsaidia ni kile kichuma cha kando ya tairi ya nyuma, upande wa kushoto, chenye wasee wengine hutoa ndiyo nduthi ikae ya kisasa. Hakikuwekwa kwa urembo. Sheria ya India inataka pikipiki ifunike angalau nusu ya tairi ya nyuma, nguo ya abiria isishikwe na gurudumu, kwa sababu huko wamama huketi upande na sari. Huku tuko na leso, shuka na sketi ndefu. Kirudishe. Na kumbuka kanuni za pikipiki za 2015 zinasema abiria ni mmoja, na helmeti na jaketi ya kuakisi ni za nyinyi wawili.

Vitu vingine vidogo: kinga ya mikono huokoa leva za klachi na breki, na ni rahisi kufunga. Sahani ya chini ya injini ni poa kwa mawe ya murram za juu, lakini ukifanya kazi side za Mwea, ule udongo mweusi utajaa hapo ukauke kama simiti, kwa hivyo iwe na matundu na uioshe.

Gadi ikishagongwa vizuri, isinyooshwe na nyundo irudishwe. Chuma kikishakunjika mara moja, pale pale ndipo kitakunjika tena, na haraka zaidi. Toa, kisha cheki matundu ya fremu kama yamevutika na rangi kama imepasuka pale bolti zinaingia. Simama mbele ya nduthi uangalie kama tairi mbili ziko kwa laini moja.

Hiyo macho utaihitaji pia siku ya kununua nduthi ya mkono wa pili. Ukipata nduthi imechakaa kote, siti imeraruka, mwendo umejaa, lakini gadi ni mpya inang'aa, uliza ile ya kwanza ilienda wapi.